Picha za milima mwanzoni mwa vuli: hatua sita ninazozijutia

#1 Mzee wa Tripodi (mleta uzi)

Wakuu, salamu.

Uzi huu nimekaa nao kifuani muda mrefu. Kwanza tuelewane: nikisema vuli sizungumzii mvua za vuli. Nazungumzia yale majira ya nchi za baridi ambapo majani hugeuka rangi kisha yakapukutika. Kaskazini mwa dunia ni Septemba na Oktoba. Kusini ni Machi hadi Mei.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye bonde moja milimani, alfajiri. Mbele yangu ziwa dogo limetulia kama kioo, nyuma yake kilele kimepata theluji ya kwanza usiku uleule, pembeni vichaka vyekundu kama makaa. Njia ilipita juu ya mawe. Kasoro ilikuwa moja tu: nikisimama njiani, kichaka kimoja kilinikatia ukingo wa ziwa. Nikashuka. Hatua sita, nilizihesabu wakati wa kurudi. Picha ikatoka nzuri kwelikweli, nikaitupia mtandaoni na lokesheni yake, mpaka ile nukta ya GPS. Watu wakaisambaza, nami nikafurahi kama mtoto.

Mwaka uliofuata nikarudi. Safari hii sikuwa na haja ya kuhesabu, kwa sababu zile hatua sita zilikuwa zimeshakuwa njia. Udongo mtupu, upana wa mtu mmoja, unashuka moja kwa moja hadi nilipoweka tripodi, ile stendi ya kamera ya miguu mitatu. Pale penyewe pamekuwa kiwanja cha tope. Kile kichaka kilichonikera kimevunjwa. Na walikuwepo watu watatu wanasubiri zamu kupiga picha yangu mimi.

Sisemi niliharibu peke yangu. Lakini wa kwanza kukanyaga pale ni mimi, na ramani niliwachorea mimi.

Kwa hiyo hapa tutaongea ufundi, na mazingira tutayaongelea humohumo. Msimamo wangu nautoa mapema: picha ya mlima inatoka kwa kusubiri pale unaporuhusiwa kusimama. Kila niliposogea ili niipate, nilikuwa nakwepa kusubiri.

Sasa kwa nini vuli mapema, na si kiangazi? Jambo la kwanza ni jua. Ukiwa latitudo ya digrii 45, mwezi Juni jua la adhuhuri hupanda hadi digrii 68 hivi juu ya upeo, mwanga unadondoka kama nyundo na milima inaonekana bapa. Ikifika Septemba 22 au 23, usiku na mchana vinapolingana, jua hilohilo linaishia digrii 45. Vivuli vinarefuka, kila bonde na kila mkunjo wa mwamba unajitokeza. Tena mwanga mzuri wa asubuhi huhitaji kuamka usiku wa manane kuuwahi. Ila mchana unapungua dakika tatu hivi kila siku, kwa hiyo ratiba ya wiki iliyopita usiitumie wiki hii.

Jambo la pili ni hewa. Usiku unapokuwa na anga safi, ardhi inapoteza joto, hewa iliyo juu yake inapoa na kuwa nzito, halafu inatiririka kwenda bondeni kama maji. Juu yake hubaki hewa yenye joto kidogo, inafanya kazi ya kifuniko. Ukungu unanaswa chini. Ukiwa juu ya kifuniko kile alfajiri, unaona bahari ya mawingu na vilele vimetokeza kama visiwa. Ukiwa chini yake huoni hata kidole chako. Tofauti ya hali hizo mbili inaweza kuwa mita 200 tu za kupanda.

La tatu ni rangi, na hapo sayansi yake ni tamu. Njano haitengenezwi wakati wa vuli. Ilikuwemo kwenye jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani cha klorofili. Mti ukiacha kutengeneza klorofili, njano inabaki peke yake. Nyekundu ndiyo mpya: jani linaitengeneza siku za mwisho, na inakolea mchana ukiwa na jua kali na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kugandisha. Jalidi kali ikiwahi, majani yanakuwa kahawia na shughuli imeisha. Na kwa kuwa joto hushuka nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, rangi huanzia juu na kuteremka mlima siku baada ya siku. Ukichelewa, teremka tu uifuate.

Sasa upande mchungu. Wiki hizohizo ndizo mlima hauna nguvu ya kujitibu. Mmea uliokanyagwa Juni una wiki kadhaa za kujaribu tena. Uliokanyagwa mwishoni mwa Septemba hauna kitu, theluji inaukuta hivyohivyo. Udongo umeganda asubuhi, saa tano umeyeyuka kuwa tope, kila kiatu kinaondoka na kipande. Wanyama nao wako kwenye kupandana, au wanakula bila kupumzika wapate mafuta ya kuvukia majira ya baridi. Sisi tunaingia na kamera katikati ya hekaheka hiyo.

Karibuni.

#2 Kivuli Kirefu

Nimekaa mbele kabisa. Endelea mkuu.

#3 Chipukizi wa Lenzi

Shikamoo mzee. Asante kwa uzi. Mimi ndiyo kwanza naanza, nina kamera ya kawaida na lenzi iliyokuja nayo, na tripodi nyepesi. Nitapata nafasi ya kwenda milimani wiki ya mwisho ya Septemba. Naomba msaada: niweke mipangilio gani? Na je, nahitaji lenzi pana zaidi? Picha zangu za milima huwa mlima unakuwa mdogo kama kichuguu.

#4 Mzee wa Tripodi

Marahaba binti. (Kama ni kijana wa kiume unisamehe, jina halisemi.)

Kichuguu chako kinatokana na upana huohuo unaotaka kuuongeza. Lenzi pana hutanua kilicho karibu na kukidogosha kilicho mbali. Vuta hadi milimita 55 au 70, au azima ile ndefu ya 70 hadi 200. Milima ya vuli imeumbwa kwa lenzi ndefu: matabaka ya vilele, moja nyuma ya jingine, kila lililo mbali likiwa na buluu zaidi. Halafu ndefu ina heri nyingine, inakufikisha kwenye kile kichaka bila kukikanyaga. Ningekuwa nayo siku ile nisingeandika uzi huu.

Mipangilio: ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), apecha f/8 hadi f/11 (tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua), tripodi chini, taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Usiende f/22 ukidhani kila kitu kitakuwa kikali. Mwanga ukipita tundu dogo mno hutawanyika na picha nzima inalainika. Zima kitulizaji cha lenzi ukiwa kwenye tripodi.

Kukiwa na upepo, sahau ISO 100. Miti ya aspeni, ile yenye majani ya dhahabu kule milima ya Rocky, vikonyo vya majani yake ni bapa, kwa hiyo yanatetemeka hata kwa pumzi. Panda ISO 400 au 800, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/250 ya sekunde. Afadhali chembechembe kidogo kuliko msitu mzima kuwa uji.

Filta moja tu ya kununua: polaraiza. Wengi wanaitafutia anga la buluu, lakini vuli kazi yake kubwa iko kwenye majani. Jani lenye umande linang'aa weupe, na ule weupe unafunika rangi. Zungusha filta, weupe unatoweka, nyekundu inatokea. Inafanya kazi zaidi ukiwa na jua ubavuni: elekeza kidole cha shahada kwenye jua, simamisha dole gumba, zungusha mkono, popote dole gumba linapoelekea ndipo ina nguvu. Kwa lenzi pana uwe mwangalifu, kipande kimoja cha anga kitakuwa cheusi na kingine cheupe, utadhani picha imeungua.

Betri ya pili iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi huilegeza. Na ukirudi chumbani chenye joto, kamera iache kwanza kwenye mfuko uliofungwa vizuri mpaka izoee, la sivyo lenzi itashika mvuke kote.

#5 Chipukizi wa Lenzi

Ni binti, umepatia. Asante sana mzee, nimenakili yote.

#6 Mpita Njia 2

Nitakuwa mtu mbaya hapa. Hatua sita! Mlima umekaa pale miaka milioni ngapi, unapigwa na radi, maporomoko, barafu, halafu mtu mmoja na viatu vyake ndiyo auharibu? Kondoo na mbuzi mwitu wanakanyaga hizohizo nyasi kila siku. Naona tunajipa umuhimu. Na hizi hifadhi nazo zimezidi: usiende hapa, usipite pale, lipia, weka nafasi. Mwisho tutapiga picha za tiketi.

#7 Mlinzi wa Zamani

Ndugu Mpita Njia, swali lako ni halali, na nimelijibu mara nyingi nikiwa kazini. Nilikuwa askari wa hifadhi ya milimani kwa miaka kadhaa, sitataja ipi.

Mwamba hauna habari na kiatu chako, hapo ni sawa. Kinachoumia ni kile kijizulia cha kijani juu ya mwamba. Juu ya mstari wa miti, pale miti inapoishia kuota, kuna mmea mmoja, *Silene acaulis*, unaota kama mto mdogo wa kulalia, umejibana na ardhi kukwepa upepo. Unaweza kukaa miaka kumi hivi kabla ya kutoa ua la kwanza, na miaka 25 ndiyo ufikie upana wa sahani. Kisigino kimoja kikiuvunja ukoko, upepo unaingia chini na kuumaliza. Mbuzi anapita mara moja na hajui kesho atapita wapi. Binadamu wanapita palepale, kwa sababu wameona picha.

Kuhusu masharti nikupe mfano mmoja. Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, Marekani, kila Septemba na Oktoba hufunga malisho kadhaa, kama Horseshoe Park na Moraine Park, kuanzia jioni hadi asubuhi. Hutembei ndani yake, unabaki barabarani au kandokando. Ni kwa sababu ya wapiti, wale kulungu wakubwa. Dume huo ndio wakati wake wa kupiga mbiu, kupigana na kukusanya majike. Anakula kidogo sana, anaishi kwa akiba ya mafuta. Kila anapokimbizwa na mpiga picha anatumia akiba ile, na theluji iko njiani. Ukaribu unaoruhusiwa ni mita 23 kwa wapiti. Kule Yellowstone, hifadhi nyingine ya Marekani, dubu na mbwa mwitu ni mita 91. Mimi nilikuwa nawaambia wageni neno moja: mnyama akiinua kichwa kukutazama, umeshakaribia mno, rudi nyuma. Ile picha ya mnyama aliyekukazia macho wengi huiona nzuri. Mimi naiona ni picha ya usumbufu.

Hifadhi ya Taifa ya Uswisi ni kali zaidi. Ilianzishwa 1914, ndiyo kongwe kuliko zote kwenye Alps, na huruhusiwi kutoka njiani hata hatua moja, achilia mbali sita. Mbwa haingii hata kwa kamba. Droni hakuna. Ajabu yake ni kwamba mwishoni mwa Septemba, bonde la Val Trupchun, watu wanakaa kwenye sehemu za kupumzikia njiani na kushuhudia kulungu wakinguruma mchana kweupe. Wanyama wamejifunza kwamba binadamu wa pale hatoki kwenye mstari. Masharti yale unayoyalalamikia ndiyo yanayokuletea picha.

#8 Mpita Njia 2

Hiyo ya mwisho sikuijua. Sawa. Lakini bado tiketi zinanikera.

#9 Dada wa Kilele

Habari zenu. Mimi nina ugomvi na mleta uzi, wa heshima.

Mzee, umejuta kuweka lokesheni, na najua unakoelekea: utatuambia tufiche. Huo ni uchoyo uliovaa kanzu ya mazingira. Wanaoficha mahali ni walewale ambao tayari wameshafika, wana magari, wana likizo, wana marafiki wa kuwanong'oneza. Asiye na mtu wa kumnong'oneza abaki na picha za kwenye kalenda? Mimi nilijifunza milima kwa lokesheni za watu nisiowajua. Bila wao nisingekuwa hapa nikitetea hata jani moja. Mtu hatetei asichokiona.

Na historia iko upande wangu. William Henry Jackson alipiga picha Yellowstone mwaka 1871 na msafara wa mwanajiolojia Hayden. Wabunge walioneshwa, na 1872 ikawa hifadhi ya taifa. Picha za mpiga picha Ansel Adams za milima ya Sierra Nevada zilisaidia kupatikana Hifadhi ya Kings Canyon mwaka 1940. Je, kama wangezificha?

#10 Lenzi Kuukuu

Ongeza mpiga picha Peter Dombrovskis kwenye orodha yako dada. Kule Tasmania, kisiwa cha Australia, 1983, picha yake moja ya mto Franklin ukiwa na ukungu wa asubuhi iliwekwa kwenye magazeti kabla ya uchaguzi wa Machi, kupinga bwawa la umeme. Julai mwaka huohuo mahakama kuu ya Australia ikazuia bwawa. Mto unatiririka hadi leo. Yeye alifariki 1996 akiwa kazini, kwenye milima ya Western Arthurs, na kamera yake.

Ila dada, nikuulize: hizo zote zilikuwa picha za kuzuia jengo au kupata sheria. Adui wa leo kwenye ziwa dogo la milimani hajengi bwawa. Adui ni mimi na wewe, na wenzetu elfu nyuma yetu wenye simu.

#11 Mzee wa Tripodi

Dada wa Kilele, ugomvi wako nimeupokea kwa mikono miwili, na sehemu moja umenishinda. Hiyo ya wanaonong'onezwa. Ni kweli, nami nimenong'onezwa mara nyingi.

Lakini tazama yanayotokea. Jackson Hole, Wyoming, Marekani, mwaka 2018 bodi yao ya utalii yenyewe, ambayo kazi yake ni kuita watu, ilianzisha kampeni ya kuwaomba wageni wasiweke nukta kamili ya mahali kwenye picha. Moraine Lake kule Banff, Kanada, barabara yake tangu 2023 imefungwa kwa magari binafsi. Unaingia kwa basi, kwa baiskeli au kwa miguu. Juu ya ziwa lile kuna Larch Valley, bonde la miti ya lachi, jamii ya misonobari lakini sindano zake hugeuka dhahabu na kudondoka, nusu ya pili ya Septemba. Wiki mbili tu, na dunia nzima inataka wiki hizo mbili. Kule Vermont, Marekani, mji mdogo wa Pomfret vuli ya 2023 ulifunga barabara kwa wasio wakazi kwa sababu ya shamba moja la watu ambalo picha yake ilivuma. Kuna wapiga picha walikuwa wanaingia mpaka uani kwa wenyewe.

Kwa hiyo mimi sasa nataja hifadhi, au safu ya milima. Nukta siweki. Nikipiga kutoka jukwaa rasmi au sehemu ya kutazamia iliyojengwa, natangaza kwa sauti kubwa, pale pametengenezwa kubeba watu. Pasipo na njia sitangazi hata nikiulizwa na ndugu yangu. Na nikiandika chini ya picha, naandika nilisimama wapi: "nimepiga kutoka njiani." Sentensi fupi, lakini anayekuja anajua kwamba inawezekana.

#12 Dada wa Kilele

Hapo kwenye kutaja hifadhi bila nukta tumekutana nusu ya njia. Ya ndugu yako umenichekesha. Bado nasema anayeuliza kwa adabu ajibiwe, na apewe masharti pamoja na jibu.

#13 Kivuli Kirefu

Naingilia kidogo kwa jambo la rangi, kabla hatujasahau kwamba huu ni uzi wa picha.

Aspeni huota kwa ukoo: shina moja hutoa machipukizi kutoka mizizini, na kipande kizima cha mlima kinaweza kuwa mti mmoja. Ule maarufu, Pando, uko Utah kwenye msitu wa Fishlake: hekta 43 hivi, mashina 47,000 hivi, mzizi mmoja. Faida kwa mpiga picha ni kwamba ukoo mmoja hugeuka rangi kwa pamoja. Ndiyo maana mteremko huwa na mabaka, hapa dhahabu, pale bado kijani, kule rangi ya chungwa. Tafuta mpaka wa koo mbili, hapo ndipo pana picha. (Pando yenyewe ina shida, wapiti na kulungu wanakula machipukizi yake hata sehemu imebidi izungushiwe uzio. Kwa hiyo ukiona uzio uliokuharibia mandhari pale, huo unafanya kazi.)

La pili: kamera ikiachwa ijichagulie mizani ya rangi, inaona dhahabu nyingi, inadhani imekosea, inaongeza buluu. Weka alama ya jua au ya mawingu. Piga faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata. Na usiiamini histogramu (chati ya mwanga kwenye kamera) ya jumla, tazama ile ya nyekundu peke yake. Majani ya njano na nyekundu huivusha ukingo wakati ile ya jumla bado inakuonesha salama, unafika nyumbani majani ni doa la rangi bila mishipa.

La tatu ni ombi. Punguzeni kukoleza rangi kwenye kompyuta. Ukiwaonesha watu msitu wa rangi ambayo haipo, wakienda hawaioni, wanaanza kutafuta kwingine, wanaacha njia.

#14 Lenzi Kuukuu

Kivuli amegusa uongo wa rangi, mimi niguse ukweli wa barafu, maana hapa vuli mapema ina kazi ambayo majira mengine hayana.

Wanaopima barafuto, ile mito ya barafu ya milimani, huufunga mwaka wao wa mahesabu mwishoni mwa Septemba. Theluji ya mwaka jana imeyeyuka yote inayoweza kuyeyuka, ya mwaka huu haijaanguka kwa wingi. Kwa siku chache barafuto iko uchi. Unaona mahali theluji nyeupe inapoishia na barafu chafu ya kijivu inapoanza. Huo mstari mwaka hadi mwaka unapanda. Uswisi kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafuto zilipoteza asilimia 10 ya ujazo wake wote. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa kuzihifadhi.

Pale Glacier National Park, Montana, wanasayansi wa serikali tangu 1997 wamekuwa wakichukua picha za zamani, wanatafuta palepale aliposimama mpiga picha wa wakati ule, wanapiga tena. Hakuna ufundi wa mwanga wala rangi, na hata hivyo sijaona picha zinazonyamazisha watu kama zile mbili zikiwekwa pamoja.

Nilianza yangu miaka mingi iliyopita, na kila aliye hapa anaweza. Chagua mahali pa wazi, njiani, jiwe kubwa au kona ya daraja. Ukiwa pale, tafuta kitu cha karibu na cha mbali vinavyopandana: ncha ya mwamba huu inagusa ufa wa ule kilele kule. Jozi mbili, moja kushoto na moja kulia. Ukirudi baada ya miaka, sogea mpaka jozi zote mbili zipandane tena, umesimama palepale, GPS haifikii usahihi huo. Andika urefu wa lenzi, kimo cha tripodi, tarehe na saa. Rudi tarehe ileile, maana vivuli vikihama huwezi kulinganisha.

Mzee wa Tripodi, una picha ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili pale pa hatua sita. Hujaziweka. Ziweke pamoja.

#15 Mzee wa Tripodi

Umenishika pabaya. Ninazo. Ya pili niliipiga kwa hasira, wala sikupanga chochote. Nitazitafuta.

#16 Mkazi wa Kusini

Msitusahau huku. Kwetu rangi ya milima ya Tasmania ni mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei: *Nothofagus gunnii*, kichaka kifupi, ndiyo mmea pekee wa asili wa Australia unaopukutisha majani kwa ajili ya baridi. Unaonekana Mount Field na Cradle Mountain. Unakua polepole mno, na moto ukipita haurudi. Huko hatukanyagi kando ya njia za mbao, na watu wanakumbushana wenyewe bila askari.

#17 Mlinzi wa Zamani

Nyongeza fupi kwa wenye droni: hifadhi zote za taifa za Marekani, marufuku tangu 2014. Kwingine kila hifadhi ina masharti yake, yasome ukiwa bado nyumbani.

#18 Chipukizi wa Lenzi

Shikamooni wote. Nimerudi.

Nilienda asubuhi tatu. Ya kwanza nilikuwa chini ya kifuniko cha mzee, ukungu mtupu, nimepiga picha ya buti zangu. Ya pili nilipanda, nikafika juu ya ukungu, lakini betri ikazima baada ya picha nne, kwa sababu ile ya akiba niliiacha kwenye begi na si mfukoni. Nimekoma. Ya tatu ndiyo hii ninayoiweka hapa. Milimita 70, f/8, ISO 200, polaraiza.

Kulikuwa na kichaka kushoto kinakata kona ya ziwa. Nilikitazama dakika ishirini nzima. Nikamkumbuka mzee. Halafu jua likafika, kikawa chekundu chote, nikakiacha ndani ya picha.

Nimeandika na jozi mbili za Lenzi Kuukuu kwenye daftari, na kimo cha tripodi. Mwakani nikijaliwa. Naomba mnikosoe.

#19 Dada wa Kilele

Hongera mdogo wangu. Hicho kichaka ndiyo picha.

#20 Mpita Njia 2

Nzuri. Ni wapi hapo?

#21 Chipukizi wa Lenzi

Jina la hifadhi nimeliweka chini ya picha, kaka. Nimepiga kutoka njiani. Tiketi unaweka nafasi mapema.

#22 Mzee wa Tripodi

Marahaba binti. Kichaka kiko sawa, mwanga uko sawa. Upeo umeinamia kushoto kidogo, unyooshe.

Lenzi Kuukuu, nimezipata zile mbili. Vilele vyake havipandani vizuri, na ya pili imepigwa saa tano badala ya alfajiri. Naziweka hivyohivyo.